Pa Kuwahi na Pa Kusubiri: Hotuba ya Muuguzi Mwaloni

(Hotuba hii ilitolewa kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, Mwanza, wakati wa mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa dagaa wako nchi kavu. Imeandikwa kama ilivyosemwa. Kilichopunguzwa ni utambulisho wa viongozi, ambao ulikuwa mrefu.)

Mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wa BMU, kikundi chetu cha usimamizi wa mwalo, mwenyekiti wa mtaa, mama zangu wa dagaa, mama lishe, kaka zangu wavuvi, vijana wa bodaboda mliopaki kule nyuma mkijifanya mnapita tu, nawasalimu wote.

Sikuja kuhubiri. Mahubiri mnayapata Ijumaa na Jumapili, na wanaohubiri wananizidi sauti. Nimekuja kuzungumza na mtu ambaye jambo limeshamtokea. Kondomu imepasuka. Au haikuvaliwa kabisa, pombe ndiyo iliyoamua. Au mtu kalazimishwa. Asubuhi ameamka, amekaa kitandani anajiuliza, sasa nifanyeje? Kwenye mabango yetu mtu huyu hayupo. Bango linamwambia "jikinge", naye jana hakujikinga. Basi anaachwa na hofu yake na ushauri wa rafiki.

Kwa muda niliofanya kazi hii nimeona tunakosea kwa namna mbili zinazopingana. Pale pa kuwahi tunachelewa, na pale pa kusubiri tunawahi.

Nianze na pa kuwahi. Kuna dawa inaitwa PEP. Baadhi yenu mnaijua kama dawa ya manesi waliojichoma na sindano, na ni kweli, sisi huitumia. Lakini si yetu peke yetu. Ni dawa za kufubaza makali ya VVU, za jamii ile ile wanayotumia ndugu zetu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, ila hizi humezwa kwa siku 28 na mtu ambaye bado hana maambukizi, ili virusi vilivyoingia visipate nafasi ya kujijenga. Sharti lake kubwa ni kwamba dozi ya kwanza imezwe ndani ya saa 72. Naomba mnielewe vizuri hapa, saa 72 ni ukomo, siyo muda wa kujipangia. Kirusi kikiingia huanzia kwenye ngozi laini ya sehemu za siri, kikahamia kwenye tezi za jirani, kisha kikasambaa mwilini. Kikishaweka makazi, PEP haikitoi tena. Kwa hiyo kumeza saa ya pili ni bora kuliko saa ya ishirini, na saa ya ishirini ni bora kuliko ya sabini.

Tuhesabu kwa maisha yetu ya hapa. Mvuvi ametoka visiwani, kashuka Ijumaa, mfuko umejaa, saa nne usiku mambo yametokea. Jumamosi kichwa kinamuuma, amelala. Jumapili anasema ngoja niulize wenzangu. Wenzake wanamwambia huyo binti namjua mimi, hana shida, mnene kabisa. Jumatatu asubuhi boti inaondoka, naye anaondoka nayo. Ikifika Jumatatu saa nne usiku muda umekwisha, na yeye yuko kambini, maji yamemzunguka pande zote. Alikuwa na siku mbili nzima karibu na zahanati. Na unene wa binti si kipimo, jamani. Mtu mwenye VVU anaweza kuwa na afya inayopendeza kuliko yangu mimi.

Ukifika kituoni tutakupima kwanza VVU. Usiogope, kipimo hicho hakihusu usiku wa juzi. Kinatuambia ulikuwaje kabla, kwa sababu mwenye VVU tayari PEP si tiba yake, huyo tunamwanzishia dawa za kudumu. Tutauliza umejamiiana lini na kwa njia gani. Tutauliza kama mwenza wako hali yake inajulikana, maana mtu anayemeza dawa zake vizuri mpaka kipimo cha wingi wa virusi hakivioni, haambukizi kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa. Ila lazima mlijue kwa kipimo, msilibuni kwa mapenzi. Huhitaji kuja na huyo mwenza ili upewe PEP. Huhitaji pia kusimulia mbele ya benchi zima la wagonjwa; sema tu "nahitaji kuzungumza na nesi faragha, ni dharura". Kituo kisipokuwa na dawa kikupe rufaa saa ile ile. Ukiambiwa "njoo Jumatatu", usiitikie, uliza kituo kinachofuata ni kipi. Usiku na sikukuu nenda idara ya dharura ya hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Ukishapewa, meza siku zote 28. Wengi huacha siku ya kumi, kichefuchefu kimewachosha au hofu imewaisha. Chukua vidonge uende navyo ziwani, vifunge kwenye nailoni visilowe. Usimeze pamoja na dawa ya kiungulia au vidonge vya madini ya chuma, vinapunguza nguvu ya dawa. Na nakuomba sana, usiombe vidonge viwili vitatu kwa shangazi anayehudhuria CTC. Viwili havikusaidii, na yeye umemharibia dozi yake.

Mama zangu na dada zangu, saa hizo hizo zina hesabu nyingine ya mimba. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, mnaifahamu, inauzwa dukani. Inafanya kazi vizuri zaidi mapema, ndani ya siku tatu, na uwezo wake unashuka kadiri siku zinavyopita. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku tano kinazuia vizuri kuliko vidonge hivyo. Lakini P2 haizuii ugonjwa hata mmoja. Nimekutana na mabinti waliomeza P2 wakalala usingizi wa amani, kana kwamba wamemaliza kila kitu.

Aliyelazimishwa, awe mwanamke, mtoto au mwanaume, na wanaume wapo ingawa hawasemi, huyo aje haraka kuliko wote. Fomu ya polisi, PF3, ina kazi yake kwenye kesi, lakini dozi ya kwanza ya dawa isisubiri karatasi. Kama unaweza, usioge kwanza, na nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki, kwa sababu unyevu wa plastiki huharibu ushahidi. Kama umeshaoga, njoo hivyo hivyo. Kuna vituo vya Mkono kwa Mkono ambako muuguzi, polisi na ustawi wa jamii wanakutana sehemu moja ili usisimulie kisa chako mara nne. Kwa mtoto kuna simu 116, ni bure. Na ninyi majirani, kazi yenu siyo kuuliza alikuwa anafanya nini huko usiku.

Homa ya ini B nayo ina haraka yake. Inaambukizwa kwa kujamiiana, na ina chanjo ambayo husaidia hata baada ya tukio ikianza mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24. Watoto wetu wa miaka hii huchanjwa kliniki. Ninyi mliozaliwa kabla ya miaka ya 2000, wengi wenu hamjawahi kuiona chanjo hiyo. Uliza.

Yasiyosaidia nitayapitia haraka. Kukojoa mara moja baada ya tendo hakuondoi VVU wala kisonono. Kunywa pombe kali hakuui vijidudu. Kunawa kwa nje na maji ni sawa, lakini kuingiza sabuni, ndimu au shabu ukeni kunachubua ngozi na kuwapa wadudu njia pana zaidi. (Sauti kutoka kwa akina mama.) Nawasikia. Najua shabu mnaitumia kwa sababu nyingine, hiyo tutaizungumza sisi kwa sisi wanaume wakiondoka.

Sasa pa kusubiri. Asubuhi ya pili mtu anakimbilia kupima VVU, anakuta hana, anawatumia wenzake picha ya kipimo, na wikiendi inayofuata anarudia yale yale akiwa na cheti. Kupima asubuhi ya pili ni kuvuta wavu uliotupwa sasa hivi, hata kama samaki wapo hujawapa muda wa kunasa. Kipimo chetu cha kidole, na kile cha kujipima mwenyewe kwa majimaji ya kinywani, vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wenyewe huwatengeneza dhidi ya kirusi. Mwili huchukua wiki tatu mpaka miezi mitatu kuwatengeneza kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo unapima siku ya kwanza ili tujue ulikotoka, unarudi wiki ya sita, unarudi tena miezi mitatu ikitimia. Aliyemeza PEP ahesabu miezi mitatu yake tangu kidonge cha mwisho, maana dawa inaweza kuchelewesha majibu. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, kujipima mwenyewe kunaruhusiwa nchini kwetu, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Majibu ya kujipima yakionyesha maambukizi, njoo tuyathibitishe kwanza. Usijihukumu chumbani peke yako.

Kipindi hicho cha kusubiri ndicho cha kutumia kondomu kuliko kipindi kingine chochote. Mtu aliyeambukizwa wiki chache zilizopita ana virusi vingi mno mwilini, na kipimo bado kinamwambia yuko salama. Mke wako nyumbani hajui kama ulitoka visiwani na nini. Nami nakiri kwamba mume kumvalia mkewe kondomu ghafla ni mtihani. Sina njia rahisi ya kuwapa. Wengine husema "daktari kasema nina maambukizi ya mkojo, tupumzike kwanza". Ni uongo, lakini kati ya uongo huo na ukimya, mimi nachagua uongo, halafu baadaye nitawasaidia kuusema ukweli.

Magonjwa mengine yana kalenda zake. Kisonono kwa mwanaume huanza kuonekana siku mbili mpaka tano hivi, mara nyingine hufika wiki mbili: usaha, mkojo unachoma. Kwa mwanamke mara nyingi hakuna kitu. Klamidia inaweza kukaa bila dalili kwa mwanamke na kwa mwanaume pia, huku inaziba mirija taratibu. Miaka baadaye watu wanazunguka kwa waganga kutafuta mtoto, na wa kwanza kusingiziwa ni mama mkwe kwamba kamloga. Kaswende ndiyo inayonisumbua zaidi. Kidonda chake hutokea wastani wa wiki tatu baada ya tendo, kinaweza kuja siku ya 10 au ya 90, na hakiumi. Kisha kinapona chenyewe. Mtu anashukuru Mungu, kumbe kaswende imeingia ndani, inasubiri moyo, ubongo, au mtoto aliye tumboni. Kwa kaswende ya mwanzo tiba ni sindano ya penisilini ya benzathini, na ni ya bei ndogo. Kwa hiyo mwambie muuguzi akupime kaswende pamoja na VVU, damu ya kidole inatosha.

Nije kwenye maduka ya dawa. Mkojo ukichoma, njia yetu ni moja: dukani, "nipe sipro na kitu cha UTI". Siku hizi kila mtu ana UTI. Kijana wa miaka 22 anatoka usaha, anasema ni UTI sugu. Mwanaume kijana hapati UTI kirahisi namna hiyo, kaka. Hiyo sipro, siprofloksasini, kwa kisonono imeshashindwa sehemu nyingi za dunia, kisonono kimeizoea. Kinachotegemewa sasa ni sindano ya seftriaksoni, na kwa kawaida huambatana na dawa ya klamidia, kwa sababu wadudu hao wawili hupenda kusafiri pamoja. Ukimeza nusu dozi ya dawa isiyofaa, usaha unapungua, wewe unasema nimepona, na mdudu anabaki amefundishwa kupambana.

Kuwahi tiba sahihi kuna faida ambayo ilipimwa hapa hapa kwetu, siyo Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza, zikiwemo za kandokando ya ziwa hili. Kwenye sita, watumishi wa zahanati za kawaida walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili, na dawa zikahakikishwa zipo. Sita nyingine zilibaki zikisubiri zamu yake. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU kwenye zile sita za kwanza yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na yanafundishwa dunia nzima. Wenzetu wa Rakai, ng'ambo ya ziwa, Uganda, walijaribu njia tofauti, kuwagawia dawa watu wote kijijini kwa vipindi, wenye dalili na wasio nazo, na wao hawakuona VVU kupungua. Wanasayansi wamebishana sana kuhusu tofauti hiyo. Mimi muuguzi nachukua kipande kinachonihusu: mwenye kidonda au usaha akitibiwa vizuri siku anayojitokeza, tumemfungia VVU njia moja kubwa, maana kidonda ni njia.

Na mwenza? Kisonono hakitibiwi kwa mtu mmoja. Ukitibiwa peke yako, mkeo au mchepuko wako atakurudishia wiki ijayo, na utasema dawa za serikali hazifanyi kazi. Mtibiwe pamoja, msikutane kimwili kwa siku saba baada ya tiba, na mrudi kupima baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu kujirudia ni jambo la kawaida mno.

Nimesema vya kutosha. Maswali.

(Kijana mmoja aliuliza kama inatosha kujikinga kwa kumeza doksi, dawa ya kuua bakteria, kila baada ya kulala na mtu, kwa sababu ameona mtandaoni.)

Umeona kweli, hukuota. Doksisaiklini ikimezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo imepunguza kaswende na klamidia kwenye tafiti za Marekani na Ufaransa, kwa makundi fulani, hasa wanaume wanaojamiiana na wanaume. Kwa wanawake ilijaribiwa hapo jirani, Kisumu, kwa wanawake 449, na matokeo yalitoka mwaka 2023: haikuonyesha kupunguza maambukizi. Walipopima nywele za baadhi yao waligundua wengi hawakuwa wakimeza, kwa hiyo huenda dawa haikushindwa, ila haikufika tumboni. Vyovyote vile, haigusi VVU, haifai kwa mjamzito, na si ya kujinunulia dukani kila wikiendi. Kama wewe unajijua kwamba mambo yanakutokea mara kwa mara, sikulaumu, njoo tuzungumze kuhusu PrEP. Hiyo ni kinga ya VVU ya kumeza kabla, badala ya kukimbizana na saa 72 kila mwisho wa mwezi.

(Mzee mmoja alisema mkewe anatokwa damu na kuwashwa, wamepima mara kadhaa, "magonjwa ya zinaa hayaonekani", na nyumba imeingia fitina.)

Mzee wangu, ahsante kwa ujasiri. Nawaomba wote msikie hili. Mkoa wetu una kichocho: ziwani kimejaa kile cha tumbo, na kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga kuna kile cha mkojo. Kichocho cha mkojo hakiishii kwenye kibofu, mayai yake hunasa pia ukeni na kwenye mlango wa kizazi, yakaleta kuwashwa, uchafu, damu baada ya tendo, na maumivu. Dalili zinafanana na magonjwa ya zinaa kiasi kwamba ndoa zimevunjika kwa ajili ya minyoo. Mama anayefua au kuchota maji dimbwini, anayelima mpunga huku miguu iko majini, amekutana nacho bila kumwendea mwanaume yeyote. Dawa yake ni prazikwanteli. Mlete mama, na uje naye, aangaliwe kichocho na pia mlango wa kizazi, kwa sababu damu ya namna hiyo haitakiwi kuachwa bila kuangaliwa. Na kwa wote, mkimwelezea daktari dalili zenu, mwambieni kwamba mnaingia majini, iwe ziwani au madimbwini.

(Dada mmoja, aliyeuliza kwa kumtuma mtoto na kikaratasi: nikimwambia mume wangu aje kutibiwa, atanipiga.)

Usimwambie wewe. Hilo siyo jaribio la ndoa yako. Njoo kituoni, tutakutibu kwanza, halafu tutakaa na wewe tuone njia gani haikuweki hatarini. Ipo ya kumpa kadi ya wito isiyotaja ugonjwa. Ipo ya sisi kumtafuta bila kutaja jina lako. Ipo ya kusubiri mpaka utakapokuwa mahali salama. Kama ameshakupiga, tuambie, hiyo nayo ina watu wake wa kuishughulikia. Na kikaratasi chako nimeshakichana, dada, hakuna atakayekiona.

Tuna meza mbili nyuma ya ofisi ya BMU, moja ya kupima, moja ya mazungumzo, zote zina pazia. Kama tukio lako halijafikisha siku tatu, usipange foleni. Njoo mbele moja kwa moja unionyeshe vidole vitatu, nitaelewa. Tupo mpaka saa kumi jioni.